Mhusika asiyeyuke kwenye tafsiri: mwongozo kamili wa manukuu ya wahusika wa LGBT katika tamthilia za kisayansi

Kosa ni lile lile. Kijana anayejifunza kuandika manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, ananitumia faili lake la kwanza, nakaa barazani hapa Nyegezi, Mwanza, na laptopu mapajani, nalifungua, na kabla ya dakika ya ishirini mhusika mmoja ameshayeyuka. Kwenye picha ni mwanaume anayemwita mwanaume mwenzake mume wake. Kwenye maandishi amekuwa "rafiki yangu wa karibu". Faili la mwingine limeharibika upande wa pili: wanawake wawili wanaongelea injini ya chombo chao, na chini ya picha kuna tusi ambalo hakuna aliyelitamka.

Zamani nilidhani ni woga. Nimesahihisha mengi, sasa najua sehemu kubwa ni sarufi. Kiingereza kinataja jinsia mahali ambapo Kiswahili kinanyamaza, na Kiswahili kinaitaja mahali ambapo Kiingereza kinanyamaza. Mtafsiri asipojua lugha hizi zinapishana wapi, mhusika anadondoka katikati.

## Vitu vya kuwa navyo

Laptopu inayocheza video bila kukwama. Programu ya manukuu: Subtitle Edit au Aegisub, zote za bure, pakua mara moja kwa bando la usiku, kisha utafanya kazi bila mtandao. Hedifoni. Kamusi ya TUKI au ya BAKITA. Maandishi ya lugha ya asili kutoka kwa mwenye kazi, si yale ya kuokota mtandaoni ambayo yenyewe yamejaa makosa ya kusikia. Betri iliyojaa, maana umeme ukikatika dakika ya arobaini unapoteza uzi wote.

Daftari la karatasi pia. Skrini yako itakuwa imejaa video upande mmoja na mistari upande mwingine. Daftari linakaa wazi mezani na halihitaji kufunguliwa dirisha jingine.

Cha mwisho ni mtu. Mtafute mtazamaji mmoja asiyejua Kiingereza, mwenye subira ya saa moja, na asiyekuonea haya. Wangu ni mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nitamrudia mwishoni, kwa sababu bila yeye hatua ya nane haifanyiki.

## Sheria, kabla hujafungua faili

Tafsiri ni haki ya mwenye kazi, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Fanya kazi uliyopewa na mteja. Ukitaka kujifunza, chukua onyesho la dakika tatu, libaki kwenye laptopu yako, usilisambaze.

Halafu kuna jambo lenyewe. Kanuni za Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 154, inaadhibu tendo inaloliita kujamiiana kinyume cha maumbile, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Kifungu hicho hakizungumzii hadithi, lakini maonyesho ya hadharani yana mlango wake: kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya 1976. Ng'ambo ya ziwa, sheria ya Uganda ya 2023 inafika kifungo cha miaka 20 kwa kile inachokiita kukuza mapenzi ya jinsia moja. Kenya, bodi ya filamu ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya wasichana wawili wanaopendana, mwaka 2018, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7 tu. (Kahiu ndiye aliyetengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya kisayansi kuhusu dunia iliyokauka maji. Huyo hajatoka mbali na sisi.)

Kwa hiyo muulize mteja kwa maandishi: kazi hii itaonyeshwa wapi? Barua hiyo itunze. Na jina lako likae au lisikae kwenye orodha ya mwisho wa kipindi, uamue mwenyewe kabla ya kusaini, si baada.

## Hatua ya 1: Tazama msimu mzima bila kuandika neno

Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu hailipwi. Wewe usiiruke.

Sababu ni kwamba tamthilia za kisayansi huwa zinaficha. Star Trek: Discovery, iliyoanza 2017, ina wapenzi wawili wanaume, Paul Stamets na daktari Hugh Culber. Culber anauawa msimu wa kwanza, na msimu wa pili anarudi. Ukitafsiri kipindi kimoja kimoja bila kujua mbele kuna nini, utaandika kifo chake kwa maneno ya kufunga kaburi, kisha miezi michache baadaye ujikute unamtafutia mlango wa kutokea.

Kwenye vibanda umiza kuna msemo kila mtoto anaujua: steringi hafi. Wahusika hawa wamekuwa wakifa sana, ndiyo maana watazamaji wao wana kidonda. Katika The 100, mwezi Machi 2016, Lexa alikufa kwa risasi iliyolengwa kwa Clarke, mwanamke mwenzake, ikamkosa, muda mfupi baada ya wawili hao kulala pamoja. Watu walikasirika hadi mtunzi akaomba radhi. Sasa nimewahi kusoma zoezi la mwanafunzi ambapo mstari wa pale umegeuzwa kuwa "yamemfika aliyoyataka". Hakuna aliyesema hivyo. Risasi ilimkosa mmoja ikampata mwingine, basi. Mtafsiri aliamua kutoa hukumu.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumsimulia mtu hadithi yote ukiwa umesimama kituo cha daladala, bila kurudi nyuma kusema "ngoja, nilisahau."

## Hatua ya 2: Andika daftari la wahusika

Kila mhusika ukurasa mmoja, maswali manne: Ni nani? Mtazamaji anajua lini? Ndani ya hadithi nani anajua na nani hajui? Kila mtu anamwitaje?

Swali la nne ndilo lenye kazi. Chukua Nomi Marks wa Sense8, tamthilia ya 2015. Nomi ni mwanamke aliyezaliwa akaitwa Michael. Amanita, mpenzi wake, anamwita Nomi. Mama yake mzazi, Nomi akiwa kitandani hospitali, anang'ang'ania Michael. Kwa Kiingereza ukatili wa mama unapita sehemu mbili: kwenye jina, na kwenye vile vineno vya "he" na "him". Kwa Kiswahili njia ya pili imeziba, kwa sababu "anaumwa" ni anaumwa tu. Imebaki ya kwanza peke yake.

Wanafunzi wangu wawili, kwa nyakati tofauti, waliandika hapo "mwanangu". Ni neno zuri, ndiyo tatizo lake. "Mwanangu" halina jinsia na limejaa huruma. Mama aliyekuja kumkana mtoto wake amegeuka mama aliyekuja kumuuguza. Andika "Michael", na inapobidi "kijana wangu". Huku kwetu mama akisema kijana wangu, hakuna anayedhani anamtaja binti.

Kwenye daftari, ukurasa wa Nomi, andika kwa wino mwekundu: mama = Michael, kijana wangu. Wengine wote = Nomi. Ukichanganya mara moja tu, mtazamaji atadhani ni watu wawili.

Na kwa kuwa tumeigusa Sense8: mmoja wa wahusika wake, Capheus, ni dereva wa matatu Nairobi, gari lake limeandikwa Van Damn. Matatu ibaki matatu. Usiigeuze daladala, na usimfanye dereva wa Nairobi aongee kama msoma taarifa ya habari.

## Hatua ya 3: Tenga maneno, kabla maneno hayajakutenga

Ukurasa mmoja wa daftari ugawe mafungu matatu: jinsi mhusika anavyojitaja, jinsi wasiomchukia wanavyomtaja, na matusi. Kila neno unalotaka kutumia liwekee fungu lake.

"Shoga" linahitaji uangalifu wa pekee. Bibi zetu na wanawake wa pwani wanalitumia kwa rafiki wa kike: shoga yangu, za tangu juzi? Mitaani leo ni tusi kwa mwanaume. Maana zote mbili ziko hai, na mtazamaji mmoja anaweza kuwa nazo zote kichwani. Mimi naliweka fungu la matusi, nalitumia pale tu ambapo mhusika kwenye picha anatukana. "Msagaji" na "hanithi" fungu hilo hilo. "Huntha" si tusi, lakini ni mtu aliyezaliwa na viungo vya jinsia visivyo wazi. Usimbandike mtu aliyebadili jinsia. Kosa hili linatokea kila wiki.

"Wapenzi wa jinsia moja" ni neno la heshima, ndilo la taarifa ya habari. Shida yake ni mbili. Linakula herufi 22, yaani zaidi ya nusu ya mstari. Na hakuna rubani wa chombo cha angani anayejitambulisha kwa lugha ya gazeti. Msikilize mhusika vizuri: mara nyingi hajitaji kabisa kwa jina la kundi. Anasema anampenda nani. "Napenda wanawake" ni herufi 16, na ni sentensi ya mtu mwenye damu mwilini.

Onyo: usitumie neno la heshima kusafisha tusi. Adui kwenye hadithi akitukana, atukane. Ukimfanya adui awe mpole, mhusika anayeumia ataonekana analia bure.

## Hatua ya 4: Vuka kivuko cha "yeye"

Hapa ndipo mafaili mengi yanapozama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pale Kiswahili kinapoficha. Katika Doctor Who ya 2017 kuna Bill Potts, msichana anayefanya kazi kantini ya chuo, anagawa chipsi. Katika kipindi chake cha kwanza anamsimulia mwalimu habari za msichana mmoja mrembo, mteja ambaye Bill alikuwa akimwongezea chipsi, mpaka mteja akanenepa. Ndivyo mtazamaji anavyojua Bill anapenda wasichana: kwa utani, kupitia sahani ya chipsi, bila hotuba. Mwanafunzi akiandika "kuna mtu nilikuwa nampa chipsi", utani umebaki na habari imepotea. Sarufi yake ni sahihi. Tafsiri yake imekufa.

Dawa ni kuitoa jinsia kwenye kiwakilishi na kuiweka kwenye nomino, mara moja, mwanzoni:

214
00:18:07,200 --> 00:18:09,600
Kuna msichana nilikuwa nampa chipsi

Herufi 35, sekunde 2.4. Baada ya hapo "a" na "m" zinatosha hadi mwisho wa simulizi. Usirudie msichana, msichana kama unahesabu.

Kanuni yangu: kila "he" au "she" inayobeba habari mpya ilipwe kwa nomino. Isiyobeba habari mpya iache ipite. Ukilipa zote, mistari itajaa "yule mwanaume" mpaka mtazamaji achoke.

Pale Kiswahili kinapojua zaidi. Kipindi cha Star Trek: The Next Generation cha 1992 kiitwacho The Outcast kinahusu jamii ya J'naii, watu wasio na jinsia. Riker, ofisa wa chombo, anamwambia Soren, mmoja wao, kwamba ameshindwa kupata neno la kumtaja. Neno la vitu, "it", kwa watu wa Riker ni utovu wa adabu. Soren anajibu kwamba wao wana kiwakilishi kisicho na jinsia, na hadhani kama kinatafsirika.

Sasa kiweke hicho kwa Kiswahili neno kwa neno, uone mtazamaji wa Kirumba atakavyocheka. Hakitafsiriki vipi? Si "yeye"? Tatizo lililomtesa Riker siku mbili, mtoto wa chekechea wa Igoma hana.

Usilazimishe. Hamisha tatizo liende mahali ambapo Kiswahili nacho kinabanwa, yaani kwenye miito. Riker aulize: "Nikuite bwana au bibi?" Soren ajibu: "Kwetu hakuna bwana wala bibi." Lile neno la vitu lina ndugu yake kwetu: mwite mtu kwa ngeli ya KI, useme "kile kimekuja", umemtukana. Kwa hiyo Riker anaweza kusema "siwezi kukuita kitu", na kila mtu ataelewa kwa nini hawezi.

Pale "wao" inapokutega. Rudi Discovery, msimu wa tatu, 2020. Adira, kijana fundi, anamweleza Stamets kwamba hajawahi kujiona msichana na angependa atajwe kwa "they", badala ya "she". Mtafsiri mwenye haraka anaandika "niiteni wao". Usifanye hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, kwetu wingi kwa mtu mmoja ni heshima. Wapo wanaosema "mzee wamefika". Adira haombi kuamkiwa. Pili, na hii ni hatari zaidi, Adira amebeba mwilini kiumbe aitwaye Tal mwenye kumbukumbu za watu wengi walioishi kabla. Ukiandika "wao", mtazamaji ataelewa kwamba wale wafu ndio wanaozungumza. Umeharibu mambo mawili kwa neno moja.

Kiswahili tayari kinamtaja Adira anavyotaka kutajwa. Kinachomuumiza ni nomino: binti, msichana, dada. Basi andika ombi lake huko: "Usiniite binti. Sijawahi kujiona msichana." Kisha kuanzia pale pekua faili lote na uhakikishe hakuna anayempenda Adira anayemwita binti tena. Stamets anapomzungumzia kwa Culber, "amechoka, amelala" inatosha. Baadhi ya wateja watauliza "they" imeenda wapi. Waandikie maelezo mafupi, mistari mitatu, uyaambatanishe na faili. Mimi nilikataliwa kazi nzima mara moja, na kampuni ambayo siitaji, kwa sababu sikuambatanisha maelezo. Siku hizi naambatanisha hata wasipouliza.

Umefaulu hatua hii kama ukificha picha na kusoma maandishi peke yake bado unajua nani ni nani pale tu ambapo hadithi ya asili inataka ujue.

## Hatua ya 5: Ndoa na ukoo

Hapa mambo yanageuka. Kiingereza kina neno moja la kuoana, halijali nani mwanaume. Sisi tuna kuoa na kuolewa, na kila moja limeshamgawia mtu kiti.

Katika kipindi cha Black Mirror cha 2016, San Junipero, Kelly anamwomba Yorkie wafunge ndoa. Wote wanawake. Ukiandika "nikuoe?", Kelly amevaa kanzu ya bwana harusi. Ukiandika "utanioa?", amemvika Yorkie. Hakuna kati yao aliyeomba hivyo. Lakini sarufi yetu ina kauli ya kutendeana, na kwa kazi hii imekuja kama imeitwa: "Tuoane." Herufi sita na nukta. Kiingereza chenyewe hakina kitu kifupi hivyo.

Kwa kusimulia yaliyopita tumia "walioana" au "walifunga ndoa". Ndivyo ilivyo kwa Nomi na Amanita mwishoni mwa Sense8.

"Mume wangu" na "mke wangu" zitumie bila kutetemeka, pale mhusika anapozitumia. Mwanaume akisema "mume wangu", Kiswahili kimefanya kazi yote kwa herufi kumi. Ukikwepa kwa kuandika "mwenza", umemhamishia mhusika kliniki. Ni neno la bango la mama mjamzito aje na mwenza wake. "Mwenzangu" ni baya zaidi: ni mume, ni mfanyakazi mwenzako, ni uliyekaa naye kwenye kivuko cha Kamanga. "Mpenzi" ni salama. "Mchumba" nalifurahia, kwa sababu halina jinsia na lina joto, ila lazima ndoa iwe njiani kweli.

Ukoo nao una mtego. Dada anamtambulisha mume wa kaka yake. Mke wa kaka angekuwa wifi; huyu ni mwanaume, kwa hiyo ni shemeji, na neno linakaa bila shida. Mwanamke anamtambulisha mke wa dada yake: uwifi huunganishwa na mwanaume, kaka au mume, na hapa hakuna mwanaume. Andika shemeji. Nimelijaribu kwa watu wengi, hakuna aliyekwama.

## Hatua ya 6: Bana mistari

Mistari isizidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 42. Wateja wengi hutumia kiwango cha kama herufi 17 kwa sekunde, na mstari usikae kwenye skrini zaidi ya sekunde 7. Maneno yetu ni marefu: "wanaopendana" peke yake ni herufi 12. Ukibanwa, kata vivumishi, kata "kwa kweli", kata "unajua". Usikate nomino uliyolipa katika hatua ya nne. Ndiyo huwa inakatwa kwanza.

## Hatua ya 7: Funga mdomo wako

Sisi tumelelewa na madijei wa muvi. Nilijifunza Kiswahili cha sinema kwenye kibanda cha mabati Igogo, dijei akiongea juu ya kila mtu, akimshauri steringi, akimcheka adui. Ni sanaa na naipenda. Manukuu ni kazi nyingine.

Mfano wa kujipima ni kipindi cha Star Trek: Deep Space Nine cha 1995, Rejoined. Jadzia Dax anakutana na Lenara Kahn. Wote wawili wamebeba viumbe walioishi katika miili ya zamani, na katika miili hiyo ya zamani, Torias na Nilani, walikuwa mume na mke. Wanapendana tena, wanabusiana. Kwa watu wao, Trill, hiyo ni miiko mikubwa, adhabu yake ni kufukuzwa. Lakini mwiko ni kurudi kwa mwenzi wa maisha yaliyopita. Kwamba wote sasa ni wanawake, hakuna hata mtu mmoja kituoni anayelisema.

Ukiongeza "wanawake wawili!" popote, hata kwenye mstari wa mlevi wa nyuma, umewanyang'anya watunzi hoja yao. Walijenga aibu nyingine kabisa ili mtazamaji aiangalie ile anayoijua kwa pembeni. Mtafsiri akiingiza ile anayoijua katikati, kipindi kizima kinaporomoka.

Kuna kazi moja halali hapa. Kwa kuwa "alikuwa" haisemi jinsia, mtazamaji anaweza kupotea katika miili: nani alikuwa mume wa nani? Taja majina. "Torias alikuwa mume wa Nilani." Hilo si kuongeza; ni kulipa deni la kiwakilishi.

Pitia faili lako ukitafuta alama za mshangao. Kila moja ambayo haipo kwenye asili, ifute.

## Hatua ya 8: Mpelekee mtazamaji

Zima sauti. Mketishe mtu wako mbele ya skrini na maandishi peke yake. Usimweleze chochote kabla, usimtazame usoni wakati anasoma. Watu wakitazamwa wanajifanya wameelewa.

Kisha uliza maswali ya kawaida. Nani na nani ni wapenzi? Uligundua wapi? Nani amemkosea mwenzake? Yule mama wa hospitali alikuja kufanya nini? Usiulize kama amependa. Usiulize anaonaje mambo hayo. Huna kazi na maoni yake, una kazi na macho yake.

Akijibu "sijui, labda ni ndugu", rudi hatua ya nne. Akikutajia hukumu ambayo hadithi haina, rudi ya saba. Akikuuliza neno, lizungushie duara hata kama kamusi iko upande wako.

Mama wa Mwaloni alikuja na ndoo yake tupu, akakaa, akatazama San Junipero hadi mwisho. Alinung'unika kwamba miwani ya yule binti haimkai vizuri. Nikamuuliza yule mgonjwa wa kitandani, Yorkie, hatimaye alioa au aliolewa. Akaniangalia kama nimeuliza bei ya dagaa huku kibao kikiwa mbele yangu.

"Walioana. Si wamesema wenyewe?"

Baada ya hapo hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, la sivyo kile kialama cha "ng'ambo" na "ng'ang'ania", kikiwa kile kilichopinda, kinaweza kugeuka vidudu kwenye mashine ya mteja. Jina la faili liwe na kipindi, lugha na tarehe. Ambatanisha yale maelezo ya mistari mitatu. Tuma asubuhi, mtandao ukiwa bado mwepesi.